Gari Limezimaje? Namna ya Kuisaka Sababu ya Injini Kujizima Njiani

Gari linapopelekwa gereji kwa sababu linajizima njiani, mambo ambayo fundi huuliza kwanza huwa ni aina ya gari, mwaka wake, na kama taa ya injini imewaka kwenye dashibodi. Ni maswali halali. Lakini lipo swali jingine ambalo kwa maoni yangu lingestahili kuyatangulia hayo yote, nalo huulizwa kwa haraka au haliulizwi kabisa: gari lilizimaje? Yaani lilikata ghafla kana kwamba mtu amegeuza ufunguo, au lilikohoa, likaishiwa nguvu, kisha likazima? Lilikuwa kwenye mwendo au limesimama kwenye foleni? Lilikuwa limeshapata moto, au ndiyo kwanza limewashwa asubuhi? Lilikubali kuwaka papo hapo, au lilitaka kupumzishwa kwanza? Majibu ya maswali haya hupunguza sana idadi ya washukiwa kabla boneti haijafunguliwa, na hayamgharimu mwenye gari hata senti moja.

Njia iliyozoeleka ni nyingine kabisa, nayo ni kubahatisha. Zinabadilishwa plagi, gari linazima tena. Inabadilishwa koili, ile inayozipa plagi umeme wa cheche, linazima tena. Inafuata pampu ya mafuta, kisha sensa moja baada ya nyingine, hadi siku moja hitilafu inatoweka na hakuna anayejua kwa hakika ni kipuri kipi kilichoiondoa. Wengi wetu vipuri hivyo tunavinunua vikiwa vimeshatumika, kutoka Shauri Moyo kule Ilala, Dar es Salaam, au, kwa walioko Nairobi, barabara ya Kirinyaga, na hapo ndipo ubahatishaji unapokuwa hatari zaidi. Sensa iliyotolewa kwenye gari lililokatwakatwa Japani inaweza kuwa na ugonjwa uleule ulio katika ile inayotolewa. Ukiifunga na gari likaendelea kuzima, hujathibitisha kwamba sensa haikuwa tatizo. Umethibitisha tu kwamba fedha zimetoka.

Katika makala haya nitazungumzia hasa injini za petroli zenye mfumo wa nozeli, vile vijibomba vinavyonyunyizia petroli, unaoongozwa na kompyuta, na mfano wangu mkuu utakuwa injini ya Toyota ya 1NZ-FE, yenye silinda 4 na ujazo wa lita 1.5, iliyofungwa katika IST, Probox, Fielder, Premio na Allion, magari ambayo mtu hawezi kuvuka mji wowote wa Afrika Mashariki bila kuyakuta. Mengi ya nitakayoyasema yanazihusu pia injini nyingine za aina hiyo. Dizeli ina mambo yake, nami nitaiacha pembeni.

Injini ya petroli inahitaji hewa, petroli, cheche inayokuja kwa wakati wake, na mgandamizo ndani ya silinda. Hilo la mwisho tunaweza kuliweka kando mapema katika tatizo letu hili, kwa sababu mgandamizo uliopotea kutokana na ringi zilizokwisha au vali iliyoungua haurudi baada ya gari kupumzika nusu saa chini ya mwembe. Gari linalozima, kisha likawaka na kwenda kilomita nyingi kama vile halikuwa na neno, linakuambia kwamba kitu fulani kinakuja na kuondoka, na vitu vyenye tabia ya kuja na kuondoka ni umeme na mafuta kwanza, kisha hewa. Tofauti pekee inayostahili kutajwa ni injini iliyochemka kupita kiasi, kwa kuwa hiyo inaweza kuzima, ikawaka ilipopoa, na ikawa imeshaharibu gasketi ya silinda hedi. Lakini hapo mshale wa joto ulikuwa umeshasema, na anayeendelea kuendesha mshale ukiwa juu hana haja ya makala bali ya maji na subira.

Tuanze na kuzima kwa ghafla. Injini inayokata mara moja, bila kusita wala kumisi, kwa kawaida imepoteza umeme wa cheche au imepoteza ile taarifa ambayo kompyuta huitegemea ili itoe cheche na mafuta. Petroli haipotei kwa namna hiyo. Hata pampu ikifa papo hapo, ndani ya bomba la nozeli bado kuna mafuta yenye shinikizo, na injini huyamalizia kwa sekunde moja au zaidi huku ikipungua nguvu na kushtukashtuka. Dereva makini huisikia tofauti hiyo mguuni. Katika gari la gia za mkono lipo na jambo la kuangalia: gari likizima likiwa kwenye gia na magurudumu bado yanaizungusha injini, tazama mshale wa mzunguko. Ukianguka hadi sifuri ilhali injini bado inazungushwa, kompyuta imeacha kuona mzunguko huo, na mshukiwa wa kwanza anakuwa sensa ya kranki, yaani ya mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, au waya wake.

Sensa hiyo inastahili nafasi yake, kwa sababu ndiyo inayosababisha ile hadithi inayosimuliwa kila gereji: gari huenda vizuri asubuhi, likishapata moto huzima, likipoa huwaka. Katika 1NZ-FE sensa ya kranki iko mbele ya injini, chini, karibu na puli, na kazi yake ni kuhesabu meno ya gurudumu dogo lililofungwa kwenye kranki. Gurudumu hilo lina nafasi 36 za meno, lakini mawili yameachwa kwa makusudi, ili pengo hilo liiambie kompyuta kranki imefika wapi. Ndani ya sensa kuna sumaku na waya mwembamba sana uliozungushwa mara nyingi. Waya huo ukipata ufa usioonekana, joto la injini huutanua na ncha zake huachana, ukipoa hurudiana. Kompyuta isipoona meno, haina namna ya kujua ni silinda ipi inayohitaji cheche, na katika Toyota nyingi huikatia umeme hata pampu ya mafuta, kwa sababu za usalama, ili gari lililopata ajali na injini ikasimama lisiendelee kumwaga petroli. Ndiyo maana sensa moja ndogo inaweza kuua cheche, nozeli na pampu kwa pamoja, na fundi anayekuta pampu haifanyi kazi akaibadilisha atakuwa ametibu kivuli.

Kipimo chake ni rahisi, ilimradi kifanywe wakati gari limegoma. Unganisha skana, kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, kwenye soketi ya uchunguzi iliyo chini ya dashibodi, fungua ukurasa unaoonyesha mzunguko wa injini, kisha mwambie mtu azungushe staata. Sensa ikiwa nzima utaona namba, kwa kawaida karibu 200 kwa dakika. Staata ikizungusha injini na skana ikaendelea kusoma sifuri, huna haja ya kugusa plagi, wala koili, wala pampu. Asiye na skana apime ukinzani wa sensa kwa mita ya umeme ikiwa baridi na ikiwa ya moto, alinganishe. Sensa mbovu ya aina hii, ikipata moto, mita mara nyingi huonyesha kwamba waya umekatika kabisa. Gari likiwaka kabla ya kupimwa, nafasi imepotea, na itabidi kusubiri lizime tena. Hili ndilo gumu la hitilafu za kuja na kuondoka: kipimo kinachofanywa gari likiwa linafanya kazi vizuri hakina maana kubwa, hata kifanywe na fundi bora kiasi gani.

Kuzima kwa ghafla kuna sababu nyingine pia, kama vile rilei kuu (rilei ni swichi inayowashwa na kuzimwa kwa umeme) inayopata moto na kuachia, terminali ya betri iliyolegea, waya wa kuunganisha injini na bodi ulioota kutu, na swichi ya ufunguo iliyochakaa. Hii ya mwisho inapuuzwa. Mwaka 2014 kampuni ya General Motors ya Marekani iliita mamilioni ya magari kwa sababu swichi ya ufunguo ilikuwa legevu kiasi kwamba uzito wa fungu la funguo au mtikisiko wa barabara ungeweza kuigeuza na kuzima injini, na mifuko ya hewa ya kujikinga ikazimwa nayo. Mfuko wa fidia ulioanzishwa baadaye ulikubali madai ya vifo 124. Magari hayo hatunayo kwa wingi, lakini swichi zilizozungushwa kwa miaka 20 tunazo, na funguo zilizoning'inizwa pamoja na za nyumba, za geti, za duka na kifungulio cha soda tunazo pia. Kipimo chake hakihitaji kifaa: injini ikiwa inaunguruma na gari limesimama, utikise ufunguo taratibu bila kuugeuza. Taa za dashibodi zikipepesa au injini ikishtuka, mhalifu amepatikana.

Kuna gari linalozima kwenye silensa tu, yaani injini inapozunguka mguu ukiwa nje ya mafuta. Barabarani linakwenda vizuri, lakini ukikaribia taa na kuachia mafuta, mshale unashuka kupita ilipotakiwa, injini inatetemeka, halafu kimya. Hapa hewa ndiyo inayoshukiwa kwanza. Injini ya 1NZ-FE iliyopata moto hukaa kwenye mzunguko wa karibu 700 kwa dakika, na hewa inayohitaji wakati huo ni kidogo mno, kiasi kwamba masizi yaliyoganda pembezoni mwa sahani ya throto, ule mlango wa kuingizia hewa kwenye injini, yanatosha kuinyima pumzi. Kusafisha throto kwa dawa yake ni kazi ndogo inayoponya magari mengi. Tahadhari ni kwamba baada ya kusafisha, au baada ya betri kutolewa, nafasi ya sahani ambayo kompyuta iliizoea huwa haifai tena au imesahaulika, na silensa inaweza kuwa mbaya kuliko awali kwa muda hadi ijifunze upya. Wengi huliona hilo wakadhani fundi ameharibu, wakahamia gereji nyingine ambako wanaanza kuuziwa vali na sensa.

Upande wa pili wa hewa ni ile inayoingia isikotakiwa. Baina ya sensa ya kupima hewa na throto kuna mpira mpana wenye mikunjo, na mpira huo ukizeeka hupasuka chini, mahali ambapo jicho halifiki. Hewa inayopitia kwenye ufa haijapimwa, kwa hiyo kompyuta inatoa petroli kidogo kuliko inavyotakiwa, na injini inalegea. Dalili moja ninayoiamini ni gari linalozima unapoingiza rivasi ilhali kwenye D halina shida, au kinyume chake. Injini hujipinda kidogo kwenye viti vyake gia inapoingia, na ikijipinda upande mmoja ufa hufunguka, upande wa pili hujifunga. Viti vya injini vilivyochoka huzidisha hali hiyo. Toa mpira huo, uukunje mkononi kwenye mwanga, usiridhike kwa kuutazama ukiwa umefungwa.

Vivyo hivyo, gari linalozima kila unapokanyaga breki huenda linavuta upepo kupitia busta ya breki, kile kifaa kinachorahisisha kukanyaga breki, iliyotoboka. Linalozima muda mfupi baada ya kujaza tangi kwenye sheli huenda vali inayoruhusu mvuke wa petroli kutoka kwenye kopo la mkaa imebaki wazi, na injini inameza mvuke mwingi isiouhitaji. Gari la gia za otomatiki linalokwenda vizuri kisha likazima kwa mshtuko pale linapomalizia kusimama, kama la gia za mkono ambalo dereva wake amesahau klachi, lina tatizo ndani ya giaboksi, kwenye klachi ya kufungia tokyu konveta (kiungo cha injini na giaboksi) ambayo imegoma kuachia. Hapo usipoteze muda kwenye injini hata kidogo. Jaribu kuweka N kabla ya kusimama. Likibaki linawaka kila unapofanya hivyo, umeshalijua.

Petroli yenyewe sasa. Maji yakiingia kwenye tangi hukaa chini, kwa kuwa petroli ni nyepesi kuliko maji, na pampu huvuta kutoka chini. Chukua mafuta kidogo kutoka kwenye bomba la kuingilia injini, yatie kwenye chupa ya glasi, uyaache yatulie. Maji yakiwamo utaona mstari unaotenganisha matabaka mawili. Mafuta ya taa hayajitengi hivyo. Yakichanganywa na petroli yanashusha uwezo wake wa kustahimili mgandamizo, injini inagonga, inatoa moshi na kuwaka kwa shida, na silensa inakuwa ya kubahatisha. Uchakachuaji haukuwa jambo dogo kwetu: Tanzania, kupitia EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili yaliyochanganywa yatambulike yakipimwa, na Kenya ilianza kutoza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwezi Septemba 2018, ili tofauti ya bei iliyowavutia wachanganyaji ipungue. Hata hivyo, nadhani tunawasingizia wauza mafuta zaidi ya stahili yao. Gari lililoanza kuzima wiki kadhaa baada ya kujazwa, likajazwa tena mahali pengine na likaendelea kuzima, halina ugonjwa wa sheli.

Pampu ya mafuta iko ndani ya tangi na hupozwa na petroli inayoizunguka na kupita ndani yake. Desturi ya kuweka mafuta ya elfu kumi na kutembea taa ikiwa imewaka siku zote inaifanya ifanye kazi kwenye joto na kuvuta uchafu wa chini ya tangi. Pampu iliyochoka huwa na tabia inayofanana na ya sensa ya kranki, kwamba hugoma ikipata moto na kurudi ikipoa, ila namna ya kuzima ni ile ya pili, ya kuishiwa: gari linapanda kilima, linakosa nguvu, linashtukashtuka, linazima. Na pampu mpya si kinga. Mwaka 2020 Toyota yenyewe iliita mamilioni ya magari duniani kwa sababu pangaboi ndogo ya plastiki ndani ya pampu zilizotengenezwa na kampuni ya Denso ilikuwa inaweza kuvimba na kukwama, na injini kuzima barabarani. Kipimo cha haki cha pampu ni geji ya shinikizo iliyofungwa kwenye bomba. Katika injini ninayoizungumzia inatakiwa isome karibu bari 3 au zaidi kidogo, na isishuke unapokanyaga mafuta. Kusikiliza pampu ikinguruma chini ya kiti hakutoshi, maana pampu inaweza kunguruma na isisukume kitu.

Sasa nisimulie kisa kimoja kwa kirefu, kwa sababu kinahusu sababu ambayo haimo katika vitabu vya Toyota, lakini imo katika magari yetu mengi. Dada yangu ana IST aliyoinunua kwa mkopo, na kijana mmoja anaiendesha kwa kazi ya teksi za mtandaoni hapa Dar es Salaam. Gari lilianza kuzima barabara ya Bagamoyo, hasa mchana, hasa baada ya matuta. Halikukata ghafla, lilipungua, likashtuka, likazima. Wakati mwingine liliwaka hapohapo, wakati mwingine lilikaa dakika kadhaa. Taa ya injini haikuwaka, na skana haikukuta msimbo wowote wa hitilafu. Kwa dalili hizo kila fundi alisema pampu, nami ningesema hivyohivyo. Pampu ikabadilishwa, na filta yake. Baadaye na rilei. Gari likaendelea kuzima vilevile.

Fundi umeme aliyelipata baada ya hapo, kule Tegeta, alimuuliza kijana maswali mengi kuhusu matuta, kisha akafanya jambo lililonifurahisha kwa urahisi wake. Aliinua kiti cha nyuma, akaunganisha waya mrefu wenye fyuzi kwenye soketi ya pampu, akaupitisha ndani ya gari hadi mbele, akafunga balbu ndogo kwenye kioo mahali ambapo dereva anaiona. "Sasa tembea nalo, mdogo wangu," alimwambia kijana, "likizima usiangalie kitu kingine, angalia balbu." Mantiki yake ni hii: balbu ikizimika kabla au wakati uleule injini inapokufa, umeme haufiki kwenye pampu, na pampu haina kosa. Balbu ikiendelea kuwaka kwa nguvu huku injini inakufa, umeme unafika, na tatizo ni pampu yenyewe, au waya wake wa ethi, au haliko kwenye mafuta kabisa.

Balbu ilififia kwenye tuta, ikapepesa, ikazimika, na gari likazima baada yake. Kazi ikabaki kuufuata waya kurudi nyuma, kutoka pampu kuelekea rilei, na katikati ya safari hiyo, chini ya dashibodi upande wa dereva, palikuwa na kile ambacho ramani ya umeme ya gari haikionyeshi: rilei ndogo ya kifaa cha kufuatilia gari, kilichofungwa kama sharti la mkopo ili gari liweze kuzimwa kwa simu mkopaji akishindwa kulipa. Aliyeifunga alikuwa ameukata waya wa pampu, akasokota ncha kwa vidole, akazungushia tepu. Pampu huvuta ampea kadhaa muda wote injini inapofanya kazi. Kiungo kilichosokotwa kina ukinzani, ukinzani unaleta joto, joto linaleta kutu na ulegevu, na ulegevu unazidisha ukinzani. Tepu ilikuwa imeyeyuka na waya umekuwa mweusi. Kabla ya kiungo mita ilisoma zaidi ya volti 13. Baada yake, injini ikiwa inaunguruma, ilisoma chini ya 10, na ukigusa waya kidogo inashuka hadi sifuri. Pampu ya kwanza ilikuwa nzima muda wote.

Kwa nini skana ilikaa kimya? Kwa sababu katika gari la namna hiyo kompyuta inaiamuru rilei ya pampu, basi. Haina macho ya kuona kama umeme umefika mwisho wa waya. Watu wengi siku hizi wanaamini kwamba gari "likipigwa kompyuta" litaungama. Litaungama yale tu ambayo lina njia ya kuyajua. Na hata linapoungama, msimbo unataja mzunguko wa umeme, hautaji kipuri. P0335 inasema kompyuta haipati taarifa ya kuridhisha kutoka upande wa sensa ya kranki, na sababu inaweza kuwa sensa, soketi iliyojaa oili, au waya uliokwanguliwa na panya. P0171 inasema mchanganyiko una petroli pungufu kuliko hewa, jambo ambalo linaweza kuletwa na mpira uliopasuka, pampu dhaifu au sensa ya hewa iliyojaa vumbi. Lenye thamani zaidi kuliko msimbo wenyewe, mara nyingi, ni picha ya hali ya injini ambayo kompyuta huihifadhi msimbo unapoandikwa: joto lilikuwa kiasi gani, mwendo gani, mzunguko gani. Fundi anayechomoa betri ili taa izimike anafuta ushahidi huo kabla hajausoma, na kuna wanaofanya hivyo kama hatua ya kwanza.

Tukiwa kwenye betri, kuna jaribio jingine la gereji ambalo ningependa life: kuchomoa terminali injini ikiwa inaunguruma ili kuona kama alteneta inachaji. Lilivumilika kwenye magari ya zamani. Kwenye gari lenye kompyuta, kuondoa betri ghafla kunaweza kurusha umeme wa volti kubwa kwenye nyaya na kuunguza kontroboksi, yaani kompyuta yenyewe, yenye thamani ya alteneta kadhaa. Mita ya umeme ya bei ndogo inajibu swali hilohilo: betri iliyopumzika isome karibu volti 12.6, na injini ikiwaka isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikiwa haipandi, gari linaishi kwa akiba ya betri, na litazima akiba ikiisha, kwa kawaida usiku, taa na kiyoyozi vikiwa vimewashwa.

Kuhusu rilei za kufuatilia magari, na zile swichi za siri ambazo watu walizifunga dhidi ya wizi kabla vifaa hivyo havijaenea, ushauri wangu ni mmoja. Kama ni lazima gari liwe na kifaa cha kulizuia, kifungwe kwenye waya wa staata, kisifungwe kwenye pampu wala kwenye umeme wa koili. Kifaa kilicho kwenye staata kikiharibika, gari litagoma kuwaka likiwa limeegeshwa. Kilicho kwenye pampu kikiharibika, gari litazima mbele ya lori. Mkopeshaji anapata ulinzi uleule, kwani gari lisiloweza kuwashwa haliendi popote likishazimwa. Dada yangu alilazimika kulijadili hilo na waliompa mkopo kabla hawajakubali waya uhamishwe na viungo vichomelewe kwa risasi; walikubali, baada ya kuonyeshwa ile tepu.

Anayesubiri hitilafu ijitokeze tena ili ipimwe atakuwa anaendesha gari linaloweza kuzima wakati wowote, kwa hiyo ajue la kufanya. Injini ikizima kwenye mwendo, usukani unakuwa mzito lakini bado unageuka, na busta ya breki imebakiwa na akiba ya kukanyaga mara moja au mara mbili kabla kanyagio halijawa gumu. Kanyaga mara moja kwa uthabiti, usikanyage na kuachia tena na tena. Usigeuze ufunguo hadi mwisho wa kuutoa, kwa sababu usukani unaweza kujifunga. Washa taa za hatari, vuta kuelekea pembeni kwa mwendo ulionao, na kama gari ni la otomatiki na barabara iko wazi, sogeza gia hadi N na uwashe tena likiwa bado linatembea, kwani haitawaka ikiwa kwenye D.